Sanamu ya Siku Moja

Nyumbani kwangu Kahama nina sanamu 19 za mti, na mke wangu hapendi hata moja. Amezivumilia miaka mingi kama mtu anavyomvumilia shemeji mlevi: hazifukuzi, lakini hataki zikae sebuleni. Zinakaa chumba cha uani, zimeegemea ukuta, nyingine hazina mikono, moja haina uso kwa kuwa mchwa waliuona kabla yangu. Mgeni anayechungulia chumbani humo huniuliza swali lile lile, tena kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hizi ni za uganga?" Mimi hujibu kwamba hizi ni za ngoma. Wengi huitikia kwa kichwa na kuondoka mapema kuliko walivyokusudia.

Nimeona niandike kurasa hizi kwa sababu ya swali hilo. Limewahi kuniponza nilipokuwa kijana, nami niliponza mtu mwingine.

Msomaji ambaye hajakaa Usukumani atadhani ngoma ni watu kukusanyika, kupiga, kucheza na kutawanyika. Kwetu ngoma ni shindano. Mavuno yakishaingia ghalani na pamba ikishapimwa, yaani kati ya Juni na Agosti, makundi mawili huchagua uwanja mmoja, kila kundi likakaa upande wake, na yote mawili yakaanza kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye karatasi wala filimbi. Watazamaji wapo katikati, nao ndio waamuzi, kwa miguu yao. Wimbo wa upande huu ukikolea, wanakuja huku. Upande wa pili ukitoa jambo jipya, wanakimbilia kule, na vumbi linakwenda nao. Shindano laweza kuchukua siku kadhaa. Jioni ya mwisho hutazamwa watu wamesimama wapi. Mwenye watu ndiye mshindi, na aliyeachwa na mapengo uwanjani huimbiwa mpaka msimu ujao.

Makundi yote hayo yamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwapo waganga wawili waliokuwa pia mafundi wa ngoma, Ngika na Gumha, ambao walishindana nani ana dawa kali ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wa Gumha ndio Bagalu. Tangu hapo ukiwa mchezaji huna budi kuwa na upande. Wanaocheza na majembe, wanaocheza na nyoka, wanaowinda nungunungu, kila kundi lina upande wake na dawa za upande wake. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mgalu. Kaka yake alikuwa Mgika, na nasikia kila ulipofika mwezi wa Juni watu hawa wawili, waliolima shamba moja, walikuwa hawali pamoja.

Basi fikiria shida ya kiongozi wa ngoma, yule tunayemwita manju au ningi. Ana sauti, lakini mwenzake upande wa pili naye anayo. Ana dawa ya mvuto, samba, lakini mwenzake naye amekwenda kwa mganga wake. Lazima atafute kitu ambacho watu hawajakiona. Wengine walileta chatu hai na kumvaa shingoni. Wengine waliwafundisha wanyama. Na wengine walichonga.

Sanamu zangu zilitoka huko. Kiwiliwili huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mninga, urefu wa mtoto wa miaka mitatu au minne. Mikono huchongwa mbali, ikafungwa mabegani kwa ukanda wa ngozi au msumari, na kamba ikapitishwa mgongoni. Mchezaji huinyanyua sanamu juu ya vichwa vya watu, akavuta kamba, mkono ukapanda. Ni hilo tu. Lakini jifikirie wewe mwaka 1930, umesimama uwanjani huku jua likiwa limeinama, hujawahi kuona sinema wala mwanasesere wa dukani, ukaona mwanamke wa mti akikupungia mkono. Utakimbia kwenda huko. Na jirani yako akikuona umekimbia, atakufuata.

Kwa hiyo sanamu hizi hazikuwa za kuabudiwa. Wazee waliotutangulia, masamva, wana vibanda vyao na sadaka zao, nao hawachezwi uwanjani. Walakini nisijifanye kwamba mpaka huo ni safi kama mstari wa rula. Kitu kilichotengenezwa kuvuta watu hupakwa dawa ya kuvuta watu, na mtu asiyejua atakapoona mti wenye uso uliopakwa mafuta meusi, na kitundu mgongoni chenye unga usiojulikana, hataanza kufikiria habari za kamba na mikono. Nimezipata sanamu 3 zenye vitundu hivyo. Vitupu. Sikuuliza kilichokuwamo.

Ngoma hizi zilipata nguvu mpya kwa fedha ya jasho jipya. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Huku kwetu Shinyanga, John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Na wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 katika shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria Federation. Wanahistoria huandika mambo haya katika sura ya uchumi. Mimi nikizungumza na wazee waliokuwa vijana siku zile, wao huyaweka katika sura ya ngoma. Mshahara wa mgodi ulinunua kengele za miguuni, shanga, kofia, na ng'ombe wa kumlipa mganga wa samba. Mzee mmoja aliyefanya kazi Geita aliniambia kwamba aliona helmeti ya mzungu wa mgodini siku ya Jumatatu, na Jumamosi ya wiki ile ile akaiona kwenye kichwa cha sanamu, imechongwa, pamoja na kiko. Upande wa pili walishindwa siku hiyo, kwa sababu hata wachezaji wao waliacha kucheza wakaja kutazama. Ninayo sanamu moja yenye kofia kama hiyo. Siwezi kudai kuwa ndiyo, ingawa ningependa sana.

Sanamu hizo baadaye zilikwenda wapi? Nyingi hazikwenda popote. Hili lilinichukua miaka kulielewa. Manju hakuhifadhi sanamu kama mtu anavyohifadhi hati ya shamba. Ikishaonwa misimu miwili imekwisha nguvu, kwa sababu watu wameshaizoea. Itatupwa kwenye kona ya zizi, watoto watachezea, mchwa watamalizia. Manju atachonga nyingine, au ataleta fisi. Ilitengenezwa kwa ajili ya uwanja fulani na siku fulani, na siku hiyo ikipita kazi yake imekwisha. Sisi wakusanyaji ndio tuliokuja baadaye tukaanza kulilia mti.

Chache zilizobaki zilikutana na misukosuko miwili. Mwaka 1974 tulihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Mtu anayehamisha nyumba kwa mkokoteni wa ng'ombe huchukua mtungi, jiwe la kusagia na mbegu, sanamu huachwa. Msukosuko wa pili ulikuwa hofu, na hapa ndipo ninapoingia mimi.

Babu alifariki kabla ya kuhamishwa. Katika vitu vyake bibi alichukua sanamu moja, ya mwanaume, yenye mkono wa kulia unaopanda. Sijui kwa nini aliichukua ilhali aliacha kinu kizima. Aliiweka nyuma ya ghala, imefunikwa gunia. Tulipokuwa watoto aliwahi kutuvutia kamba mara moja moja, siku za mvua, tukacheka mpaka tukalia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilianza huku kwetu Kahama vikundi vya sungusungu, vya kupambana na wizi wa ng'ombe, na kwa wezi vilifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza. Lakini baadhi yao walihama kutoka kwa wezi wakaja kwa wachawi. Na mchawi, katika midomo ya watu wa siku zile, alikuwa na sura inayojulikana: mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu kuni zilikwisha Shinyanga, wakapikia mavi makavu ya ng'ombe miaka arobaini ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kila mtu alilijua jambo hili na bado kila mtu alitazama macho. Bibi zetu wengi walikatwa mapanga usiku. Mauaji hayo hayakuishia miaka hiyo. Yaliendelea kuandikwa magazetini hata baada ya mwaka 2000.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mpya, nina saa ya mkononi na najiona nimeelimika. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha pili alikuwa ameuawa mwezi uliopita. Likizo ilipofika nilikwenda kwa bibi, nikasikia kwa kijana wa jirani kwamba watu wanasema yule mayu ana mtu wa mti nyuma ya ghala, humtuma usiku. Sikulala. Alfajiri nilichukua shoka, nikaipasua sanamu vipande vinne, nikaichoma uani, mchana kweupe, makusudi, ili majirani waone moshi. Nilitaka waone kwamba hakuna kitu.

Bibi alitoka akakaa kwenye kigoda chake. Hakunizuia. Moto ulipokolea alisema neno moja tu: "Umemchoma mchezaji." Nami nikamjibu, kwa ujuzi wangu wote wa chuo cha ualimu, kwamba watu hawajui tofauti. Akasema, "Na wewe je?"

Hakuuawa. Alifariki kwa ugonjwa mwaka 1991. Nimejiuliza mara nyingi kama moto ule ulimwokoa au ulithibitisha uvumi na yeye akaponea kwa bahati. Ni swali ambalo halina mtu wa kulijibu. Lakini sanamu ya kwanza niliinunua mwaka uliofuata baada ya mazishi yake, kwa mzee wa Nyarugusu, na msomaji haitaji kuwa mwerevu sana kuona kilichokuwa kinanunuliwa.

Niliponunua ya tatu nilianza kujiita mkusanyaji, na mkusanyaji hutafuta waliomtangulia. Niliwapata wawili. Wa kwanza ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja Tanganyika enzi za Wajerumani, akaishia kuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Mwingereza. Aliandika juu ya watemi wetu na sheria zetu, na mwaka 1956 kikatoka kitabu chake juu ya sanamu za udongo zinazotumika katika jando na unyago sehemu mbalimbali za nchi. Mkusanyo wake wa sanamu hizo upo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Sanamu za Cory si ndugu wa zangu, kwa kuwa zile ni za kufundishia kwa siri na hizi ni za kuonwa na umati. Nilichojifunza kwake ni kuuliza matumizi. Cory hakuchukua sanamu bila kuuliza inasema nini na inasemwa lini.

Wa pili ni padri David Clement, Mkanada, ambaye watu wetu walimbatiza jina la Fumbuka. Yeye alikaa Bujora, karibu na Kisesa, kilomita zisizozidi 20 kutoka Mwanza, na kuanzia miaka ya 1950 alikusanya pale vitu vya Wasukuma: ngoma za watemi, viti, ala za waganga, na mavazi na sanamu za Bagika na Bagalu. Kuna jumba limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Utemi wenyewe ulifutwa na serikali huru mwaka 1963, kwa hiyo baadhi ya vitu vilifika Bujora kama yatima. Lakini padri huyu alifanya jambo ambalo Cory hakulifanya: hakuishia kukusanya vitu, aliwakusanya na wachezaji. Sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni, ambayo watu hutandaza maua njiani, ikafungamana na mashindano ya ngoma, na ikaitwa Bulabo, yaani maua. Clement alifariki mwaka 1986. Bulabo haikufa.

Mimi nilikwenda Bulabo kwa mara ya kwanza nikiwa na daftari na mita ya fundi cherehani, nikajipenyeza kati ya wachezaji kupima urefu wa sanamu zao. Manju mmoja aliniuliza kama nashona suti.

Ikumbukwe kuwa miaka hiyo ya 1990 vitu hivi vilianza ghafla kuwa na bei. Mwaka 1994 yalifanyika Berlin, na baadaye Munich, maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania, yaliyopewa na jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Kabla ya hapo vitabu vya Ulaya vilikuwa vikirudia kwamba Afrika Mashariki haina wachongaji wa kutajwa, isipokuwa Wamakonde. Baada ya hapo magari yakaanza kuingia vijijini kwetu. Wanunuzi walikuja na picha mkononi: nataka kama hii. Na pale ambapo watu wanataka kama hii, kama hii hupatikana. Nimeziona sanamu za wiki mbili zilizozeeshwa kwa moshi wa jikoni na mkojo wa ng'ombe, zikiuzwa kama za enzi za Mjerumani. Ninazo 2 za namna hiyo, nilizonunua kwa kujua kwangu kwingi.

Nami sikuwa mtazamaji tu. Mwaka 1996 mnunuzi mmoja alifika kwangu, akazipenda sanamu 2 zilizotoka upande wa Geita. Nilikuwa na ada za shule za watoto. Nilimuuzia kwa bei ya baiskeli moja ya Phoenix. Sikumuuliza kama ana kibali cha kuzitoa nchini, ingawa sheria ya mambo ya kale ilikuwapo tangu mwaka 1964. Kibaya kuliko hicho, sikuwa nimeandika jina la aliyezichonga, na nilikuwa namjua! Nilikuwa nimekula kwake ugali. Sasa mahali fulani duniani kuna kabati la kioo lenye kadi inayosema: Sukuma, mti, mchongaji hajulikani. Anajulikana. Amezikwa Nyarugusu, chini ya mwembe.

Tangu mwaka huo daftari langu lina safu ya jina. Hapa sitaji majina hayo, kwa kuwa wanangu hawa wa karatasi wana watoto wa damu, na wengine bado wanaogopa lile swali la sauti ya chini.

Nitoke kidogo Usukumani, kisha nirudi. Mpwa wangu alikwenda Japani kusomea uhandisi, katika mji wa Chiba. Februari mwaka 2016 aliniletea kwa simu picha ambazo zilinifanya nivae miwani. Katika ukumbi mkubwa wa Makuhari Messe palikuwa na watu kama siku ya mnada wa ng'ombe, mara mia, na kila meza ilijaa sanamu. Wasichana wenye nywele za buluu, mashujaa wenye panga, majitu ya chuma. Wote ni watu wa filamu za katuni na vitabu vya picha. Mkutano huo huitwa Wonder Festival, ulianza mwaka 1985, nao hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya baridi na ya joto. Mpwa wangu alikuwa ananitania: "Mjomba, wapo wagonjwa kama wewe."

Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Aliniambia wauzaji wengi si makampuni. Ni watu wa kawaida, karani, mwanafunzi, ambaye kwa miezi amechonga sanamu yake chumbani kisha akaimwaga kwa ukungu vipande vichache. Wengi huuza sanamu ikiwa viungo, mkono mbali, kichwa mbali, na mnunuzi huenda kuunga na kupaka rangi mwenyewe. Na kwa kuwa wahusika wa katuni wana wenyewe, mchongaji hupewa ruhusa ya kuuza sanamu ile siku ile tu, ukumbini mule tu. Jua likizama, ruhusa imekwisha.

Nilikaa na jambo hili siku nyingi. Watu wasiojua hata Shinyanga iko wapi wamefikia kwa njia ya sheria kile manju alichokijua kwa njia ya vumbi. Tofauti ninayoiona ni hii: pale mnunuzi anamwona mchongaji nyuma ya meza, anamjua kwa jina, anaweza kumwambia mkono huu hukuupatia. Kisha huenda nayo kwake akaiweka kabatini, na hakuna anayeshangaa. Kwetu manju alikuwa na uwanja lakini hakuwa na kabati. Sisi wakusanyaji tukaleta kabati na kuuacha uwanja.

Mwaka uliofuata, 2017, nilinunua sanamu yangu ya 19. Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, Mgika, mkazi wa kijiji kimoja cha Geita ambako siku hizi taa za mgodi mkubwa huonekana usiku kama mji. Mgodi ule ulizinduliwa upya mwaka 2000 na huchimba mchana na usiku. Sanamu yake ni ya mwanamke mwenye shanga nyekundu shingoni. Aliichonga mwenyewe. Tulipatana bei bila taabu, kisha akaweka sharti. "Mwalimu," akasema, "usiende kumfungia. Mpeleke akacheze mara moja, ndipo umfungie."

Nikaitikia. Mtu huitikia mengi akishaona mali.

Juni nikaivusha kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, maana daraja lilikuwa bado, likaja kufunguliwa mwaka 2025. Niliifunga kwa kanga mbili na blanketi, nikaipakata kama mgonjwa. Pale Bulabo nilikaa chini ya mti tangu asubuhi, nayo ikiwa ndani ya begi. Nilikuwa na sababu zangu. Bega lina ufa. Shanga zina uzi mkuukuu. Kamba imeoza, nilikuwa nimeibadilisha kwa uzi wa kuvulia, lakini nani ajuaye. Mchana ukapita, makundi yakapanda na kushuka, nami nikaandika katika daftari langu mambo yasiyo na maana, idadi ya kengele na rangi za vitambaa.

Saa kumi jioni kijana mmoja wa kundi la Bagika alikuja kuazima mahali pa kivuli. Akaona mguu wa mti umechungulia. Akaniamkia, "Shikamoo mzee. Huyo anacheza?"

Niliona uso wa bibi kwenye kigoda chake, nikasema ndiyo.

Upande wa pili Bagalu walikuwa na chatu, tena mkubwa, na watu wote walikuwa huko. Kijana aliinyanyua sanamu yangu, akazunguka nayo mara mbili, akavuta uzi. Mkono ukapanda. Kama ningekuwa nadanganya ningeandika kwamba umati uligeuka. Haukugeuka. Waligeuka watoto wapatao kumi na wawili, wakaja mbio wakipiga kelele, na nyuma yao mama mmoja aliyekuwa anamtafuta wa kwake, akasahau kumchukua, akabaki anatazama mdomo wazi. Kijana akavuta tena, na tena, akachangamka, akavuta kwa nguvu. Nikasikia mlio ninaoujua. Mkono ukaruka ukaanguka vumbini, na watoto wakacheka kwa furaha ambayo sijaisikia tangu siku za mvua nyuma ya ghala letu.

Chatu alishinda siku hiyo, kwa mbali.

Kijana aliniletea mkono kwa mikono miwili, ameinama, anaomba radhi. Nilimwambia si kosa lake. Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni Kisesa, niliuweka mezani mbele yangu, nikampigia simu mzee wa Geita. Nilijiandaa kwa maneno marefu.

Hakuniacha niyaseme. Aliuliza, "Waligeuka wangapi?"

"Watoto, guku. Kumi na wawili. Na mama mmoja."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hata zamani walianza watoto."

Nikamwambia mkono umevunjika.

"Upi?"

"Wa kulia."

"Ah, huo," akasema. "Huo ni wa tatu. Wa kwanza ulivunjika tukiwa Nyarugusu, wa pili aliutafuna mbwa. Kesho ukipita Geita tafuta kipande cha mninga mkavu, usininunulie mbichi, nitakuchongea mwingine."